Sikio la Dawati la Nyuma

Katika muhula wa pili wa mwaka ambao sitausahau, nilimsimamisha mvulana wa gredi ya nne mbele ya wenzake hamsini na kitu, nikamwambia kwa sauti kubwa kuwa sikio la kufa halisikii dawa. Nilikuwa nimemwita mara tatu kutoka ubaoni. Alikuwa ameketi dawati la nyuma kabisa, karibu na dirisha linaloelekea baharini, na mara zote tatu aliendelea kutazama nje, ambako kusi lilikuwa likivuma na minazi ikiyumba. Wenzake walicheka. Yeye hakucheka wala hakulia. Alinikazia macho mdomoni kwa makini, kama mtu anayesoma maandishi madogo, nami nikauhesabu utazamaji ule kuwa ujeuri wa pili juu ya ule wa kwanza.

Zilipita wiki sita kabla sijajua kwamba sikio lake la kulia lilikuwa likitoka usaha tangu alipokuwa na umri wa miaka mitatu, na kwamba la kushoto nalo lilikuwa limeanza kuharibika. Methali ile ilikuwa imemwangukia mtoto katika maana yake ya juu kabisa: lilikuwa sikio kweli, lilikuwa linakufa kweli, na dawa haikuwa imelifikia. Nimesomesha katika visiwa vya Lamu kwa zaidi ya miaka ishirini, na ninaandika haya kwa sababu wiki sita zile zingeweza kuwa siku sita lau watu wanne tuliomjua mtoto yule tungalikaa pamoja hata mara moja.

Maana kila mmoja wetu alikuwa na kipande chake. Mama yake alijua kwamba mto wa kulalia wa mwanawe huamka na doa la manjano, na kwamba mtoto hulala kwa ubavu wa kushoto ili sikio bovu lisiguswe. Muuguzi wa zahanati alijua kwamba mtoto aliwahi kuletwa mara mbili, akapewa dawa ya kunywa, kisha hakuonekana tena. Maalim wa chuo chake cha Kurani alijua kwamba mtoto huyu hukaa mbele siku zote na hukasirika akihamishwa. Mimi nilijua kwamba alama zake zinashuka, kwamba hajibu, kwamba katika rejista yangu siku zake za kutokuja shule zinaongezeka, na kwamba wakati wa mapumziko huwa peke yake. Kwa elimu hiyo ya robo, nilikuwa nimekwisha kuandika katika ripoti yake kuwa ni mzito na mkaidi.

Mambo yalifunguka kwa bahati tu. Nilikutana na maalim gatini, sote tukisubiri mashua, akaniuliza habari za kijana wake. Nikamjibu kwamba anatutaabisha kidogo, ni mzito wa kuelewa.

"Mzito?" akasema, kwa mshangao ambao haukuwa wa adabu tu. "Mwalimu, huyo kwangu ndiye mwepesi. Juzuu Amma amewatangulia wenziwe wote kuihifadhi."

Sikulala vizuri usiku ule. Mtoto hawezi kuwa mwepesi saa kumi za alasiri na mzito saa nne za asubuhi, isipokuwa kuna kitu kati ya mahali hapa na pale. Siku ya pili nilikwenda chuoni kwa idhini ya maalim, nikaketi mkekani na kutazama. Kila mtoto alikuwa akija mbele kwa zamu yake, anakaa umbali wa mkono mmoja, maalim anamsomea aya polepole huku mdomo wake ukionekana wazi, na mtoto anairudia mpaka inyooke. Kijana wangu alikuwa akisoma kwa macho yake yale yale aliyonikazia mimi darasani. Hapakuwa na muujiza wowote. Pale alikuwa karibu. Kwangu alikuwa dawati la nyuma, upepo ukivuma dirishani na watoto zaidi ya hamsini wakisogeza miguu.

Kipimo nilichomfanyia baadaye ni rahisi, na ningependa kila mwalimu akijue, kwa kuwa hakihitaji chombo chochote. Unasimama nyuma ya mtoto umbali wa mkono ulionyooshwa ili asikuone mdomo, unamziba sikio moja kwa kulisugua taratibu kwa kidole, kisha unanong'ona maneno anayoyajua na kumtaka ayarudie: samaki, saba, kiatu, Jumanne. Halafu unafanya vivyo hivyo kwa sikio la pili. Upande wa kulia hakurudia hata neno moja. Upande wa kushoto, kati ya maneno sita, alipata mawili, na moja kati ya hayo nadhani alilibahatisha. Alipogeuka na kuniona uso, aliniuliza kama amefaulu.

Tulikwenda zahanati pamoja na mama yake. Muuguzi alilivuta sikio juu na nyuma, akamulika kwa tochi, na harufu ikatufikia sote kabla hajasema lolote. Kiwambo cha sikio kilikuwa kimetoboka. Akachukua kitambaa safi cha pamba, akakisokota kama utambi wa taa, akakiingiza taratibu, akakiacha kinyonye unyevu, akakitoa, akaweka kingine, mpaka cha mwisho kikatoka kikavu. Kisha akamwonyesha mama namna ya kufanya hivyo nyumbani mara tatu kwa siku kabla ya kutia matone ya dawa. Mama alikuwa akitazama mikono ya muuguzi bila kupepesa. Aliposema, alisema kwa sauti ya chini: "Mwalimu, mimi nilikuwa nikimtia mafuta ya uto yenye kitunguu saumu. Ndivyo nilivyofanyiwa mimi nilipokuwa mdogo, nikapona." Nilimwambia kwamba hakuna aliyemlaumu, na kwamba kama kuna wa kulaumiwa ni mimi niliyemwona mwanawe siku tano kwa juma na nisimwone.

Shirika la Afya Duniani limesema kwamba karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto hutokana na sababu zinazoweza kuzuilika, na maradhi ya sikio la kati kama haya ni miongoni mwao. Nilipoisoma tarakimu hiyo baadaye, nilifikiria madawati yote ya nyuma niliyowahi kuyasimamia.

Lau kisa kingeishia hapo, kingekuwa kisa cha afya peke yake, nami ningeandika tu kwamba walimu wajifunze kupima masikio. Lakini sikio lilikauka kwa wiki tatu, kisha usaha ukarudi. Muuguzi alikasirika, na alikuwa na haki, kwa sababu alikuwa ameagiza waziwazi kwamba mtoto asitie kichwa majini mpaka kiwambo kipone. Mama aliapa kwamba dawa ametia. Kijana mwenyewe alinyamaza. Mtoto mmoja wa mtaani kwao ndiye aliyetuambia kwamba rafiki yake hupiga mbizi gatini kila jioni maji yakijaa, tena kutoka juu ya nguzo, mahali ambapo wakubwa wenyewe huogopa.

Hapo ndipo nilipoomba, kwa mara ya kwanza katika kazi yangu, kwamba tukae sote. Tulikutana Alhamisi alasiri, kwa kuwa chuo cha maalim wetu hakisomeshi siku hiyo: mama, maalim, muuguzi, mimi, pamoja na ami yake mtoto, ambaye ni baharia. Baba alikuwa dago, yaani kambi ya wavuvi, upande wa Kiwayu, akivua. Ami ndiye aliyesema jambo ambalo hakuna mmoja wetu aliyekuwa amelifikiria. "Huyu mtoto," alisema, "shuleni anachekwa. Mtaani wenziwe wakicheza mchezo wa kuitana hasikii, wanamtoa. Pahala pamoja tu ndipo anaposifiwa, nako ni gatini. Akiruka, wote wanapiga makofi, na makofi anayaona. Nanyi mmemwambia asiruke."

Agizo la muuguzi lilikuwa sahihi kwa sikio, na lilikuwa limemnyang'anya mtoto heshima yake ya pekee. Hakuwa mkaidi. Alikuwa amepima, kwa akili ya miaka kumi, kati ya sikio linalouma na moyo unaouma, akachagua. Ami akasema atamchukua katika mashua yake siku za mwisho wa juma, afue maji ya ngama na ajifunze kushika kamba ya tanga, mradi kichwa kibaki kikavu. Maalim akasema atampa wadogo wawili wa kuwasomesha alifu bee tee. Nami nilimhamishia dawati la mbele, upande wa kulia wa darasa, ili sikio la kushoto linielekee, nikaacha kusema huku nimegeukia ubao. Kikao chote kilichukua muda wa kama kunywa chai vikombe viwili.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu naamini kwamba mwili wa mtoto, moyo wake na masomo yake haviwezi kuhudumiwa na watu wasiosemezana. Tunavyofanya sasa ni kama fundi anayeziba ufa mmoja wa mashua na kuuacha wa pili, kwa kuwa ule wa pili uko katika ubao wa fundi mwingine. Katiba yetu ya 2010 haikufanya hivyo. Ibara ya 53 inamhakikishia kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na mstari unaofuata papo hapo unataja lishe bora, makazi na huduma za afya. Mistari hiyo imekaa bega kwa bega. Lakini tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, muuguzi wa zahanati ni wa serikali ya kaunti, mwalimu wa shule ya msingi ni wa serikali ya kitaifa, na maalim wa chuo, ambaye visiwani kwetu hukaa na watoto karibu kila alasiri, si wa yeyote. Taifa lina sera ya afya ya shule tangu 2009. Ni sera nzuri. Ila sera haiwezi kumwalika mtu kikao cha Alhamisi.

Kuna utafiti mmoja wa Kenya ninaourejea mara kwa mara. Kuanzia 1998 huko Busia, wachumi Edward Miguel na Michael Kremer walifuatilia shule 75 ambako watoto walipewa dawa za minyoo. Utoro ulipungua kwa kama robo, na hata watoto ambao hawakumeza dawa walinufaika, kwa kuwa minyoo ya kusambaza ilikuwa imepungua. Matokeo hayo yalisifiwa duniani, wataalamu wakabishana baadaye juu ya hesabu zake, na Kremer alikuwa miongoni mwa waliotunukiwa Nobeli ya uchumi mwaka 2019. Lakini kuna sehemu ya matokeo ambayo haisemwi sana: alama za mitihani hazikupanda. Dawa iliwarudisha watoto darasani, na darasa lilikuwa vile vile lilivyokuwa. Sisemi haya kuidharau dawa. Nimeshuhudia minyoo ya safura ikimnyonya mtoto damu mpaka macho yanakuwa meupe na kichwa kinaangukia daftari, na mchanga wetu unaotembelewa pekupeku unaijua kazi hiyo vizuri. Nasema tu kwamba kidonge hufungua mlango, na lazima ndani pawe na mtu anayemsubiri mtoto.

Mwalimu mwenzangu aliyewahi kusoma ng'ambo ndiye aliyenisimulia habari za James Comer, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto wa Chuo Kikuu cha Yale, ambaye mwaka 1968 alianza kazi katika shule mbili za mji wa New Haven, Marekani, zilizokuwa na watoto wengi wa Waamerika Weusi maskini, alama za chini na fujo nyingi. Hakuleta vitabu vipya kwanza. Alileta watu mezani: walimu, wazazi, wataalamu wa saikolojia, wafanyakazi wa ustawi wa jamii. Katika miiko aliyowawekea, mmoja ulinishika kuliko yote, nao ni kwamba wakati wa kutafuta suluhisho hakuna kumlaumu mtu. Nilipousikia nilimkumbuka mama yule na mafuta yake ya uto. Angelaumiwa siku ile zahanati, asingerudi, nasi tusingejua lolote kuhusu gati. Lawama huwafunga watu midomo, na kikao cha watu waliofungwa midomo hakina faida kwa mtoto.

Tangu wakati ule tumeendelea na vikao vya Alhamisi, mara moja kila wiki mbili, si kwa watoto wote bali kwa wale ambao mmoja wetu ana wasiwasi nao. Jambo moja tulilojifunza mapema ni kwamba njaa ya watoto wetu hufuata upepo. Wakati wa kaskazi bahari ni shwari, samaki na kamba wanapatikana, na watoto huja shule na kitu tumboni, ingawa wavulana wakubwa huko Kizingitini na kwingineko hushawishika kuikimbilia bahari yenyewe. Kusi likishika, vyombo vidogo havitoki, na muhula wa pili huangukia papo hapo. Kwa miaka nilikuwa nikiandika kwamba darasa langu hulegea muhula wa pili, na nikidhani ni uchovu wa katikati ya mwaka. Ni chai ya rangi isiyo na kitafunio. Siku hizi, kusi likikaribia, tunawaomba kina mama wanaopika mahamri watutengee mafungu kwa watoto ambao majina yao tunayajua sisi tu, na gharama tunaigawana pamoja na wenye maduka wawili watatu. Haya hayawezi kuwa badala ya chakula cha shule kinachogharamiwa na serikali, na sitaki mtu ayachukue kuwa hivyo.

Kipo pia kile ambacho hakina usaha wala njaa. Miaka kadhaa baada ya mashambulizi ya Juni 2014 huko Mpeketoni, upande wa bara wa Lamu, ambamo watu zaidi ya 60 waliuawa, tulimpokea msichana kutoka bara. Alikuwa msafi, mwenye adabu, na kila mlango wa bati ulipobamizwa na upepo alikuwa chini ya dawati kabla ya wenzake kugeuza shingo. Katika rejista yangu ya zamani angeandikwa "hatulii". Hatukuwa na mtaalamu wa kumpa. Mwalimu wa ushauri nasaha katika shule kama yetu ni mwalimu wa kawaida mwenye vipindi vyake vyote. Tulichofanya ni kutia mpira kwenye kizingiti ili mlango usibamizwe, kumkalisha mahali anapouona mlango, na mwalimu mmoja wa kike kupitia kwao kila asubuhi kumchukua. Zaidi ya hapo tulihitaji msaada wa hospitali, na safari ya kuupata ilikuwa ndefu kuliko inavyostahili mtoto yeyote kusafiri.

Wapo wanaonipinga, na pingamizi lao zito zaidi si la muda wala fedha, ni la siri. Lamu ni mji wa kuta zinazogusana na vichochoro ambamo punda wawili hawapishani. Neno likitoka barazani asubuhi, adhuhuri limefika Langoni. Mama atakubali vipi kwamba maalim, muuguzi na mwalimu wajue kwamba mwanawe hukojoa kitandani, au kwamba binti yake hakuja shule kwa siku nne kwa kukosa sodo, ingawa sheria tangu 2017 inaitaka serikali iwape wasichana shuleni sodo bila malipo? Ninaliona jambo hili kuwa la haki kabisa. Kwa hiyo hatuzungumzi habari za mtoto bila idhini ya mzazi wake, na mzazi huchagua nani awepo. Kuna mama aliyekataa maalim asikae, na maalim hakukaa. Kuna mwingine aliyemtaka maalim peke yake. Daftari ni moja, linakaa katika droo yenye kufuli, na ndani mna herufi, hamna majina. Siri ya mtoto ni amana, na anayeshindwa kuichukua amana hiyo hatumtaki mezani, hata akiwa mkubwa kiasi gani.

Kijana wangu wa dawati la nyuma hakupona lote. Sikio la kulia limekauka, lakini halisikii vizuri na huenda halitasikia vizuri tena. Kuziba tundu la kiwambo ni kazi ya daktari bingwa, na daktari bingwa yuko mbali. Sikio la kushoto limeokoka. Yumo gredi ya sita sasa. Hesabu zake ni nzuri, insha zake fupi mno. Mwezi uliopita nilikuwa nasoma kwa sauti nikiwa nimeinamia kitabu, akanyanyua mkono na kusema mbele ya wote, "Mwalimu, nyanyua uso, hatukusikii." Alisema "hatukusikii", na waliokuwa nyuma wakaitikia kwamba ni kweli.

Alhamisi iliyopita lililetwa jina jipya, msichana wa gredi ya pili. Mwalimu wake anasema ana usingizi na hanakili kazi kutoka ubaoni. Mama yake anasema akirudi nyumbani kichwa kinamuuma. Maalim anasema anasoma vizuri tu, mradi msahafu uwe karibu na uso wake. Muuguzi alitutazama mmoja mmoja, kisha akaniomba karatasi nyeupe na kalamu nzito. Nimekwisha kuchora herufi E za kupimia macho, zikielekea juu, chini, kushoto na kulia, na leo jioni nimepima mita 6 kwa kamba uani, kutoka mlango wa ofisi hadi kwenye mti wa mkungu. Kesho asubuhi, kabla kengele haijalia, mama yake atamleta.